Walimu tukikubaliana namna ya kufundisha, shule inabadilika? Uzoefu wa Kayumba moja kando ya ziwa, Ilemela

ChakiVumbi

Wakuu, habari za jioni. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu, ila walimu na wazazi wenye watoto shule za Kayumba (hizi za msingi za serikali) nawaomba mkae.

Nafundisha Hisabati shule ya msingi ya serikali hapa Ilemela, Mwanza, upande wa ziwani. Jina la shule naliacha, sitaki kuitwa ofisini kwa mtu. Muda mrefu tulikuwa tunaulizana kwa nini watoto ambao darasa la tatu walikuwa wanatoa vizuri tu, wakifika la tano wanachanganyikiwa. Majibu yalikuwa yale ya kila siku: wazazi hawafuatilii, watoto wanashinda mwaloni, madarasa yamefurika. Yote kweli. Ila siku moja tukamwaga madaftari mezani tukaanza kusoma kazi za watoto wenyewe.

Chukua swali hili: 502 kutoa 278. Jibu ni 224. Watoto kadhaa, tena si wale wa mkiani, wameandika 114. Ungedhani wamenakiliana, lakini wamekaa mbalimbali. Kumbe mwalimu wa la tatu anafundisha kukopa: sifuri haina kitu, kopa kwa tano, tano inabaki nne, na kuendelea. Mwalimu wa la nne yeye anafundisha alivyofundishwa enzi zake, unaongeza kumi juu halafu moja chini kwenye tarakimu inayofuata. Njia zote mbili ni sahihi. Mtoto aliyezishika zote nusunusu anakopa juu na anaongeza chini pia. Mamoja: kumi na mbili kutoa nane, nne. Makumi: tisa juu, nane chini, moja. Mamia: nne juu, tatu chini, moja. 114. Huyo mtoto akili anayo, tatizo amewatii walimu wawili kwa wakati mmoja.

Mwalimu mkuu wetu, mama mtulivu sana, akatuuliza sisi wenyewe tumekubaliana nini kuhusu kufundisha. Kimya. Azimio la kazi (mpango wa mada za mwaka) tunalo, andalio la somo tunalo, muhtasari upo. Lakini mlango wa darasa ukishafungwa kila mtu ana yake na hakuna anayejua ya mwenzake.

Tulibishana vikao kadhaa, vingine kwa sauti ya juu, mpaka tukatoka na mambo manne. Yameandikwa kwenye karatasi ya manila, imebandikwa ofisini juu ya kabati la chaki.

La kwanza ni hilo la njia. Mambo ya msingi yanafundishwa kwa njia moja na maneno yaleyale kuanzia la kwanza mpaka mtoto amalize shule. Njia ya pili ije ile ya kwanza ikishaiva, na mtoto aambiwe wazi kwamba sasa hii ni nyingine.

La pili, kipindi kinaanza na maswali machache ya nyuma, ya jana na ya wiki iliyopita. Hili hatukulibuni sisi. Kuna Mmarekani, Barak Rosenshine wa Chuo Kikuu cha Illinois, mwaka 2010 alikusanya misingi 10 ya ufundishaji kutokana na tafiti za namna ubongo unavyojifunza na kutokana na kuwaangalia walimu ambao watoto wao wanafaulu. Wa kwanza kabisa ni huo: anza kwa kurudia kidogo. Kijana mmoja wa ajira mpya alituletea akiwa ameipakua kwenye kishikwambi (vile vya sensa ya 2022 tulivyogawiwa, wengi wetu vinaangalizia mpira). Kati ya 10 tuliona mingine haituhusu kwa idadi ya watoto tuliyonayo, hatukuilazimisha.

La tatu ndilo gumu kuliko yote: ukiuliza swali, subiri. Simama nje ya darasa lolote la Kayumba utasikia "Mmeelewaaa?" "Ndiyoooo!" "Tuendelee?" "Tuendeleeee!" Ukiwauliza kama ziwa limekauka wataitikia vilevile. Na ukiuliza la mtu mmoja, wale wanne wa mbele wako hewani tayari, "mimi mwalimu, mimi mwalimu", vidole vinalia. Unamchagua mmoja wao, anapatia, anapigiwa makofi ya kilo, unaenda mbele. Sitini waliobaki hawajafikiri chochote. Miaka ya 1970 mtafiti Mary Budd Rowe alipima kule Marekani akakuta walimu wengi wanasubiri kama sekunde moja tu baada ya kuuliza. Waliposubiri tatu au zaidi, majibu yakawa marefu na waliokuwa wanakaa kimya wakapungua. Sekunde tatu! Jaribu kesho uone zilivyo ndefu. Sisi tumekubaliana: uliza, nyamaza, hesabu kimoyomoyo, kisha taja jina. Mikono chini.

La nne, usisonge mbele hujapita kwenye madawati kuona kazi. Darasa likiwa kubwa unapita safu hii leo, ile kesho.

Sasa manila peke yake ni pambo la ukutani. Kinachosaidia ni kwamba walimu wawili au watatu tunaandaa somo moja pamoja, mmoja analifundisha, wengine tunakaa nyuma. Wajapani wanafanya hivi shuleni kwao tangu karne ya 19. Sharti letu kwa anayekaa nyuma ni moja, unaandika watoto wanafanya nini, mwalimu humwandiki. "Mtoto wa dirishani amefuta mara tatu." "Kundi la nyuma wanaongea Kisukuma, lakini wanaongea kuhusu swali." Baada ya vipindi tunakaa kwa chai, tunasoma tulichoandika, basi. Haiingii kwenye faili la mtu yeyote.

Karibuni. Povu ruksa.

SomaKwanza

Nimeweka kambi hapa. Kahawa iko wapi?

Kisiki Mbichi

Mleta mada hongera kwa kuandika, unaandika vizuri. Ila mimi mwalimu mwenzako, Misungwi huku, nina maswali na sitakupaka mafuta.

Darasa langu lina watoto zaidi ya 120. Nikija kukaa nyuma ya darasa lako, wangu wanakaa na nani? Ukiniambia kiranja, hujanijibu.

Pili, "kuangaliana" tunakujua. Nilipokuwa kituo changu cha kwanza, aliyekuja kukaa nyuma alikuja na fomu. Alitoka bila kuniambia neno, nikayakuta mambo yangu kwenye kikao mbele ya wazazi. Tangu hapo mtu akiingia na daftari mkono wangu wa chaki unatetemeka. Leo mnaita ushirikiano, kesho akiingia mwalimu mkuu mwingine itaitwa ushahidi.

Tatu, na hili wote mnalikwepa. Malimbikizo yangu hayajalipwa, daraja sijapanda, nyumba ya mwalimu inavuja. Uniongezee na kikao cha chai?

MamaPacha wa Kirumba

Mimi si mwalimu, nauza samaki Mwaloni, lakini hiyo 502 imenigusa. Wanangu mapacha wako la nne, mikondo tofauti. Jioni wanagombana mezani, huyu anasema "unakopa", yule anasema "hakuna kukopa, unaongeza". Nikiingilia kwa njia yangu ya Mwaloni, ya kuhesabu kutoka bei mpaka noti aliyotoa mteja, wote wananigeukia: "Mama, unatoa vibaya!" Na chenji sijawahi kukosea tangu nianze biashara.

Swali langu, walimu wakishakubaliana, mzazi anaambiwa? Maana tunaitwa shuleni kwa michango na kwa utoro tu.

ChakiVumbi

@Kisiki Mbichi nakujibu moja moja.

Watoto 120: hata sisi mikondo mingine iko huko. Kwanza hatukai kipindi kizima. Kipindi ni dakika 40, sisi tunakaa 20 za mwanzo, kwa sababu humo ndimo yalimo maswali ya nyuma na ile kusubiri. Pili, tunapanga siku ambayo mkondo mmoja una michezo, mwalimu mmoja anashika mikondo miwili uwanjani. Haipendezi sana, jua ni kali na mwalimu wa uwanjani ananung'unika. Ndiyo maana hatufanyi kila wiki.

La fomu, nakuelewa kabisa, na hatukuanza na mwalimu dhaifu wala mgeni. Aliyefundisha kwanza mbele yetu ni mwalimu mkuu mwenyewe. Somo likamkwama katikati, watoto hawakuelewa kigawe kidogo cha shirika hata kidogo, tukaandika tulichoona na tukamsomea. Akacheka, akauliza tungefanyaje. Asingefanya vile, hili jambo lisingetoka mlangoni.

La malimbikizo sina jibu na sitajifanya ninalo. Ninachojua ni kwamba muda hatukuuongeza. MEWAKA (mafunzo endelevu ya walimu kazini) inatutaka walimu tukae kwenye jumuiya za kujifunza shuleni na kwenye klasta, yaani kundi la shule jirani, na muda huo upo kwenye ratiba. Zamani tulikuwa tunakaa, mmoja anasoma moduli kwa sauti, tunasaini mahudhurio, tunaondoka. Saa ileile sasa inafanya kazi.

@MamaPacha hiyo njia yako ya chenji ni halali kabisa, unapanda kutoka namba ndogo kwenda kubwa. Na swali lako ni zuri kuliko la Kisiki (samahani mkuu). Hatujawaambia wazazi. Nitalipeleka kikaoni.

Mzee Logibuku

Salaam kwenu. Mimi ni mstaafu, nilianza ualimu kama mwalimu wa UPE, ile elimu ya msingi kwa wote. Vijana huenda hamjui ilivyokuwa. Azimio la Musoma, Novemba 1974, liliagiza kila mtoto aliyefikia umri aandikishwe, lengo likawa 1977. Walimu wa kutosha hawakuwepo. Tulichukuliwa vijana tuliomaliza la saba, tukafundishwa kazi hukuhuku vijijini tukiwa tunafundisha. Watu wametutukana sana kwa jina hilo la UPE. Lakini nikuambieni kilichotuokoa: hatukuwa na mlango wa kufunga. Mwalimu mzoefu alikuwa anakaa darasani kwangu, na mimi nakaa kwake, na jioni anapitia andalio langu na peni nyekundu. Baadaye tukawa na vituo vya walimu, tunaenda na madaftari ya watoto kama wewe ulivyosema.

MMEM (mpango wa maendeleo ya elimu ya msingi) ilipokuja 2002 madarasa yalijengwa, watoto wakajaa. 2016 elimu bila malipo, wakajaa tena. Kila wimbi la watoto lilipofika, mwalimu alizidi kujifungia, maana kila mmoja alikuwa anahangaika na lake. Mimi naona hapo ndipo tulipopoteza, kuliko hata kwenye vitabu.

Kisiki, mwanangu, aliyekupeleka mbele ya wazazi alikosea. Mkaguzi mzuri huongea nawe kwanza.

Kisiki Mbichi

Shikamoo mzee. Nimekuelewa.

Mzee Logibuku

Marahaba.

Kipaji Halisi

Nitakuwa tofauti na wengi. Haya mambo ya misingi ya pamoja yanaua walimu wenye vipaji. Nilisoma Nyamagana, mwalimu wetu wa Sayansi alikuwa hana andalio wala ratiba kichwani, anaingia na chura kwenye kopo, saa nzima hatupumui. Leo ni daktari mimi kwa sababu ya chura yule. Mngembandikia manila angekuwa mwalimu wa kawaida tu. Shule inabebwa na walimu wawili watatu wa namna hiyo. Watafuteni hao, muwaache.

ChakiVumbi

Kaka, chura aendelee kuja, manila haisemi lolote kuhusu chura.

Tunaye wa aina hiyo, mwalimu wa Kiswahili wa la pili, anafundisha silabi kwa nyimbo za kazi za wavuvi, watoto wanavuta nyavu za kufikirika darasa zima. Alikuwa wa kwanza kupinga, kwa hoja hiyohiyo yako. Tulipokaa nyuma ya darasa lake tukakuta mambo mawili. Nyimbo ni dhahabu. Na kuna watoto kama kumi wanaimba vizuri sana, ukiwapa silabi hiyohiyo imeandikwa kwenye kadi hawaijui, wameshika wimbo tu. Yeye mwenyewe hakuwa anawaona kwa sababu yuko mbele anaongoza. Nyimbo zimebaki, ila sasa katikati anasimamisha, anainua kadi, anasubiri, anataja jina. Na walimu wa la kwanza wameziiba nyimbo zake. Kabla ya hapo kipaji chake kilikuwa kinaishia ukutani, cha darasa moja, mwaka mmoja wa mtoto.

Halafu wewe ulibahatika kupita kwa mwalimu wa chura. Mkondo wa pili je?

Kipaji Halisi

Mkondo wa pili walikuwa wanachungulia dirishani kwetu, kweli. Hapo umenipata. Lakini wakubwa wakisikia "misingi ya pamoja" watatuma waraka wa misingi 40 kutoka juu, utaona.

ChakiVumbi

Hiyo hofu ninayo hata mimi. Manne yanatutosha na ni ya kwetu. Shule ya jirani wakiyachukua yote kama yalivyo naona hayatawafaa, wao shida yao kubwa ni kusoma, si kutoa.

Dagaa wa Ukara

Nipo visiwani, Ukerewe. Kwetu mahudhurio yanafuata mwezi. Wasiojua: dagaa wanavuliwa usiku wa giza, kwa taa. Giza likiwa kali boti zote ziko majini, asubuhi ufukwe mzima umeanikwa dagaa, na watoto wako huko wanageuza na kufukuza ndege. Mbalamwezi ikitoka uvuvi unasimama, nyavu zinashonwa, darasa linajaa.

Miaka yote tulikuwa tunafundisha kana kwamba hatuoni. Mada mpya ngumu unaipeleka wiki ya giza kwa watoto nusu, wiki ya mbalamwezi wanarudi hawajui kitu, unawaita watoro, fimbo. Walimu wa madarasa ya juu tukakaa tukalipanga azimio la kazi kwa kuangalia mwezi. Giza, tunafanya mazoezi na marudio na kuwashika waliopo. Mbalamwezi, mada mpya. Na yale maswali ya nyuma ya mwanzo wa kipindi kwetu yanarudi nyuma wiki mbili, siyo moja.

Utoro tunaendelea kuupinga, tusieleweke vibaya, mtoto mahali pake ni shuleni na tumeongea na BMU (kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufukwe) na wenye kambi. Ila wakati tunapambana, mtoto asipoteze mada mbili kila mwezi. Jambo hili lisingewezekana kwa mwalimu mmoja, maana wa Sayansi akipanga hivi na wa Hisabati asipange, mtoto anaokoka huku anazama kule.

SomaKwanza

Huyu wa Ukara alete uzi wake kabisa. Azimio la kazi kwa mwezi wa angani, hii sijawahi kuisikia popote.

Nasubiri Kivuko

Sengerema hapa. Nikazie la klasta kidogo. Zamani kwenda kuangalia somo shule ya rafiki zangu ng'ambo ilikuwa ndoto, unaweza kumaliza nusu siku kwenye foleni ya pantoni. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 tumeshavuka kwenda kukaa darasani kwao na wao wakaja kwetu. Nauli tunajilipia. Jina langu humu itabidi nilibadilishe.

MamaPacha wa Kirumba

Matokeo je? Mmezunguka wee, hakuna aliyesema watoto wanafaulu ama la. Mimi mfanyabiashara, naangalia mwisho wa siku.

ChakiVumbi

Haki yako mama. Sikuja na asilimia kwa makusudi. La saba waliofanya mtihani tangu tuanze walikaa na sisi kwenye utaratibu huu sehemu ndogo ya miaka yao, wakifaulu au wakifeli sitajua ni kwa sababu hii au ni darasa lao tu. Madarasa hutofautiana, mwalimu yeyote anajua kuna mwaka wa watoto wepesi na mwaka wa kusukuma.

Ninachoweza kukuonyesha ni madaftari. Ile 114 kwa la nne wa sasa ni nadra. Makosa yapo, lakini ni ya kawaida, mtoto kasahau kukopa, unamkumbusha anashika. Kingine ni ofisini. Zamani mapumziko tulikuwa tunaongelea mikopo na Simba na Yanga. Bado tunaongelea, hasa Yanga wakifungwa, lakini sasa utasikia mtu anauliza "wewe hesabu za sehemu uliwaanzishiaje?" na hakuna anayeona aibu.

Kilichoshindikana: la nne, la kupita madawatini, kwa mikondo mikubwa halitekelezeki tulivyoliandika. Mwalimu wa la kwanza alituambia usoni kwamba anapita safu mbili, kengele imelia. Tunafikiria kulibadilisha, labda watoto wabadilishane madaftari na mwalimu apitie sampuli. Mwenye njia bora alete.

Mzee Logibuku

Sisi tulikuwa tunatumia vibao. Kila mtoto ana kipande cha ubao na chaki, anaandika jibu, wote wanainua pamoja. Unaona darasa zima bila kutoka ulipo. Fundi seremala wa mtaani anaweza kukata kutoka kwenye mabaki.

Dagaa wa Ukara

Mzee umetuokoa. Mabaki ya mbao za mitumbwi tunayo tele.

Kisiki Mbichi

Haya. Nimesoma uzi wote mara mbili. Bado siamini kwamba hili litadumu mwalimu mkuu wenu akihamishwa, na ChakiVumbi hujaligusa hilo. Lakini nina mwenzangu mmoja tunaelewana, anafundisha mkondo wa pili wa la tano. Ukianza na watu wawili tu bila mkubwa kujua, unaanza na nini?

ChakiVumbi

Akihamishwa sijui, tutaona wenyewe. Ndiyo maana kila mwalimu mpya tunamkalisha na mzoefu kwanza, ili mambo haya yasiwe kichwani kwa mama mmoja.

Kwa wawili: chagueni somo ambalo nyote mnalichukia. Kujumlisha sehemu zenye asili tofauti, kwa la tano, halikosi. Andaeni pamoja jioni moja, afundishe mmoja kwake, mwingine akae nyuma aandike watoto tu. Kesho yake mwingine alifundishe kwake likiwa limerekebishwa. Manila msinunue bado.

Kisiki Mbichi

Jumatatu nina vipindi viwili vya kwanza, yeye ana cha tatu na cha nne. Nitaanza mimi, bora nitetemeke mapema. Nitaleta mrejesho humuhumu.